Hesabu kwa Mdomo: Kwa Mnaoanza Kutunga kwa Ruwaza za Namba

Wenzetu mnaojiunga nasi hapa Kisumu, kosa tunalosahihisha zaidi kwa wageni ni kuhesabu mizani kwa macho. Mizani, yaani silabi za mshororo, huhesabiwa mdomoni. Tamka neno polepole ukipiga kofi kwa kila silabi. "Mbuzi" ni makofi 2, mbu-zi. "Mbunge" ni 3, m-bu-nge, kwa kuwa m yake ni kiambishi cha ngeli na husimama peke yake, ilhali ile ya mbuzi imeshikamana na b. Vivyo hivyo "mvua" ni mizani 2 lakini "mvulana" ni 4. Ukiteleza hapa, ruwaza yote inavunjika, hata iwe nzuri kiasi gani kwenye karatasi.

Anzeni na mfululizo wa Fibonacci: 1, 1, 2, 3, 5, 8, kila namba kuanzia ya tatu ikiwa jumla ya mbili zilizoitangulia. Kila namba ndiyo idadi ya mizani ya mshororo wake. Fibonacci, Mwitalia, aliueleza mwaka 1202, lakini Hemachandra wa Uhindi alikuwa ameufikia takriban mwaka 1150, tena kwa kupima mashairi. Alitaka kujua silabi fupi za pigo 1 na ndefu za mapigo 2 hupangika kwa njia ngapi. Mstari wa mapigo 4 una njia 5, wa mapigo 5 una njia 8. Namba hizi basi si wageni katika ushairi.

Mtakwama mishororo miwili ya kwanza, maana Kiswahili kina maneno machache mno ya silabi moja. Wengi hujaza "na" na "ni", na shairi linaanza likiwa limekufa. Tumieni tanakali za sauti:

Ndo,
ndo,
paa
la bati
ladonolewa
na mvua toka ziwani.

Pigeni makofi: jumla ni 20. Tazameni pia kwamba mshororo wa sita una mizani 8, sawa na kipande kimoja cha mshororo wa shairi la arudhi, yaani la kimapokeo: ukwapi, kipande cha kwanza, au utao, cha pili. Ndiyo maana sikio letu hutulia hapo. Ukitaka kwenda hadi 13, weka kituo baada ya mizani 5 au 8, kwa sababu 13 ni 5 na 8. Bila kituo hicho msomaji huishiwa pumzi na mshororo unageuka nathari, maandishi ya kawaida yasiyo shairi.

Ruwaza ya pili ni ya kuzungusha maneno ya mwisho wa mishororo, na hii inahitaji subira. Kanuni yake: ubeti unaofuata huchukua neno la mwisho, kisha la kwanza, kisha la pili kutoka mwisho, kisha la pili, hivyo hadi yaishe. Kwa maneno 6 mpangilio ni 6, 1, 5, 2, 4, 3, na baada ya beti 6 kila neno limekaa kila nafasi.

Aliyezoea tarbia, shairi la mishororo minne kwa ubeti, atataka kujaribu na mishororo 4. Asijaribu. Mpangilio ungekuwa 4, 1, 3, 2: neno la tatu linabaki la tatu daima, halihami kamwe, na mzunguko umekufa. Chukueni 3 au 5.

Uchaguzi wa maneno ndio unaoamua kila kitu. Neno lenye maana moja huchosha kufikia ubeti wa pili. Tafuteni yenye maana nyingi. "Paa" ni la nyumba, ni mnyama, ni kupaa angani, ni kumpaa samaki magamba kama wafanyavyo akina mama pale ufuoni Dunga. "Kata" ni tendo la kisu, ni ya kutekea maji, ni ya kubebea mzigo kichwani. "Panda" ni kupanda mbegu, kupanda matatu, na njia panda. Kwa maneno haya 3 ubeti wa kwanza huishia paa, kata, panda. Wa pili panda, paa, kata. Wa tatu kata, panda, paa. Simameni hapo, kwani wa nne ungerudia mpangilio wa kwanza.