Ukungu kwenye chakula: maswali yenu ya wiki hii

Shikamoo shangazi. Nauza boflo hapa Tanga. Siku ya tatu zinaota ukungu, za kiwandani zinafika wiki. Wenzetu wanatia nini?

Marahaba mwanangu. Wengi hutia kalsiamu propionati, E282 kwenye pakiti, gramu 2 au 3 kwa kilo ya unga. Inazuia ukungu bila kuisumbua sana hamira. Lakini kabla hujanunua, niambie: unazifunga zikiwa bado na joto? Moto wa tanuri umeshaua ukungu. Unaoota siku ya tatu umeingia baadaye, kwa kisu, meza na mikono, na yale matone ya maji ndani ya mfuko ndiyo yanayoulea. Acha mikate ipoe kabisa juu ya wavu, ndipo ufunge. Anzia hapo, haina gharama.

Nikikata kipande chenye ukungu, mkate uliobaki unalika?

Hapana. Nyuzi zake zimeshapenya ndani usikoona. Tupa, na kuku usiwape.

Natengeneza pilipili ya chupa, wateja hawataki kemikali. Karafuu zitatosha?

Karafuu ina yujenoli, na kweli inazuia ukungu, ila kwa kiasi cha kuuzuia hasa pilipili yako haitalika kwa ukali. Tegemea siki na chumvi. Ukiamua kutumia sodiamu benzoeti, dawa ya kuzuia ukungu, inafanya kazi kwenye vitu vichachu tu, na kikomo cha Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, kwa sosi ni gramu 1 kwa kilo. Pima kwa mizani, usikisie kwa kijiko, na iandike kwenye lebo.

Mahindi yangu yameshika ukungu. Nitie dawa gani kabla ya kusaga?

Hakuna, ndugu yangu, na nakusihi usiyasage. Dawa huzuia ukungu usiote. Sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu, ikishaingia, haitoki kwa dawa wala kwa kupika. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 125 walikufa kwa kula mahindi ya namna hiyo. Usiuze, na ng'ombe usimpe, maana sumu inarudi kwenye maziwa.

Msimu ujao anika juu ya turubai, si udongoni, kisha pima. Chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi hadi robo na chumvi kavu vijiko viwili, tikisa dakika moja, iache dakika 15. Chumvi ikigandia kwenye kioo, rudisha mahindi juani. Kioo kikibaki safi, anika siku moja zaidi, ndipo utie guniani.