Vivuli vitatu chini ya skrini

SWALI: Ndugu mhariri, kaka yangu kila siku ananiwekea Mystery Science Theater 3000 na mi naona vivuli vitatu tu vinapiga stori huku muvi mbovu ya zamani inaendelea, hiyo ndo komedi? Nianzie wapi?

JIBU: Ndo yenyewe mdogo wangu, na ni tamu sana, ipe muda. Joel Hodgson alikianzisha kipindi hiki 1988 kwenye stesheni ndogo ya TV kule Minneapolis, Marekani. Stori ni kwamba jamaa (Joel mwenyewe) kafungiwa kwenye chombo angani analazimishwa kuangalia muvi mbovu, akajitengenezea maroboti ya kumpa kampani, hao Tom Servo na Crow, yeye na hao wawili ndo vivuli vitatu unavyoviona kwenye viti vikiitania muvi. 1993 Joel akaondoka, Mike Nelson aliyekuwa mwandishi mkuu akashika nafasi, na mashabiki mpaka leo wanabishana nani mkali (mi ni wa Joel).

Anza na epsodi ya Manos: The Hands of Fate. Hiyo muvi ya 1966 aliitengeneza muuza mbolea wa Texas, kamera yake ilirekodi sekunde 32 tu kwa mpigo na sauti haichukui, ikabidi watu wachache waje kuingiza sauti za wahusika wote, utaona midomo na maneno haviendani kabisa. Mwanzoni gari linatembea tu, mashamba yanapita weee, hakuna kinachotokea, sasa hapo ndo wasikilize wale watatu. Utani ukikupita usirudishe nyuma, mwingine unakuja sasa hivi.