Shangazi, nyota za kwenye simu zimeniponza

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mwezi uliopita niliwapeleka wakwe zangu kwenye mgahawa nilioupata kwenye simu, una nyota karibu 5 na sifa tele. Chakula kilikuja baada ya saa nzima, pembeni kinaunguza, katikati baridi. Mama mkwe alikula vijiko viwili akasukuma sahani. Mwezi ujao ni zamu yangu tena. Nichagueje safari hii?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole. Mkwe akisukuma sahani mbele yako, inauma. Chakula chako hicho nakijua, maana nimepika mikahawani miaka 19: kilikuwa kwenye friji, kikapashwa harakaharaka kwenye maikrowevu.

Nyota usizitupe, ila ujue zinavyoweza kupatikana. Mwaka 2017, mwandishi Oobah Butler alilisajili banda la uani kwake, London, kwenye TripAdvisor, tovuti ambako watu hutoa maoni na nyota kwa mikahawa, kama mgahawa, akawaomba rafiki zake waandike sifa. Banda likashika namba 1 London nzima kabla halijampakulia mteja hata mmoja! Mimi husoma maoni ya waliotoa nyota 3. Hao hawana hasira wala ushabiki. Watakwambia mhudumu alichelewa lakini chakula kilifika cha moto. Tazama na tarehe, kwani mpishi akihama, utamu huhama naye.

Halafu nenda mwenyewe kwanza, saa ileile utakayowapeleka. Kaa panapoonekana mlango wa jikoni, utazame sahani zinazorudi. Bosi wangu wa kwanza hakuwa akisimama jikoni. Alisimama kando ya karo la kuoshea vyombo. Sahani ikirudi nusu, alimwita aliyeipika waitazame wote wawili, kimya. Zikirudi tatu za chakula kilekile, kilifutwa kwenye menyu jioni hiyohiyo. Wateja wengi wana haya, wakiulizwa watasema kilikuwa kizuri. Sahani haina haya. Tangu siku hizo, kabla sijaagiza popote, macho yangu yako kwenye sinia la mhudumu anayerudi.

Menyu ya kurasa nane inanitia wasiwasi, kwa sababu jiko moja haliwezi kupika vyote hivyo vikiwa vipya kila siku. Na penye watu wengi pana faida yake: chakula kilichopikwa hakitakiwi kukaa nje ya friji zaidi ya saa 2, na cha moto kibaki juu ya nyuzi 60 za Selsiasi. Sufuria linaloisha upesi halifiki huko.

Choo kiingie kabla ya kuagiza. Sabuni ikikosekana pale, inuka uondoke.

Bado mhudumu. Usimwulize kipi kizuri, atakutajia chote. Mwulize, "Leo nisichukue nini?" Akikunong'oneza kwamba kile cha ukurasa wa pili ni cha jana, umepata mahali pa watu wakweli, nami ningerudi hapo kwa moyo mweupe. Agiza chakula chepesi kabisa kwenye menyu, kisicho na viungo vya kufichia makosa, ukionje taratibu.

Ukiridhika, weka nafasi ya meza papo hapo, ana kwa ana, utaje idadi yenu na saa. Mama mkwe mchagulie kiti kilicho mbali na spika, aweze kusikia mnachozungumza.