Kabla Dawati Halijapinduka

Nina kovu kwenye mkono wa kushoto, juu kidogo ya pale ninapofunga saa. Limekaa kama mwezi mchanga. Ni meno ya mtoto wa miaka tisa, na kadiri siku zinavyosonga naona kwamba nilijitakia.

Ninafundisha Kiswahili katika shule ya msingi ya umma, nje kidogo ya mji wa Kakamega. Wakati huo nilikuwa mwalimu wa darasa wa Gredi ya Nne: wanafunzi 64, paa la mabati, dari hakuna. Anayeijua Kakamega anaijua mvua yetu. Asubuhi jua linachoma, ikikaribia saa nane mchana wingu limejikusanya upande wa msitu, na ikishuka juu ya mabati humsikii hata anayekupigia kelele sikioni. Sisi tumezoea. Mwalimu anaandika kazi ubaoni, watoto wananakili, tunangoja ipungue.

Kijana huyu alikuja kwetu muhula wa pili. Mama yake ameniruhusu kuandika habari zake, ila jina la mtoto si langu kuligawa. Tulijua ana usonji, yaani autism, kwa sababu karatasi ya EARC, kituo cha kupima watoto wenye mahitaji maalumu, ilisema hivyo. Karatasi ikawekwa kwenye faili, faili ikawekwa kabatini, na hapo ndipo ujuzi wetu ulipoishia.

Alhamisi moja mvua ikashuka. Akaziba masikio kwa viganja, akaanza kuyumba mbele na nyuma. Nikamwambia akae vizuri aandike. Nikarudia kwa sauti ya juu zaidi, maana mvua ilikuwa inanifunika. Nikamwendea nikamshika bega. Dawati likapinduka. Kona ya dawati hilo ikampata jirani yake juu ya jicho, damu ikatoka, darasa zima likapiga mayowe, nami nikamkamata kijana kwa nyuma nikambana mikono. Ndipo aliponing'ata. Walimu wawili wakaja mbio tukamlaza chini kifudifudi. Mmoja akamshika miguu, mwingine akamwekea goti mgongoni. Nayaandika haya bila raha yoyote. Tulikaa naye hivyo mpaka aliponyamaza, tukapongezana kwamba tumemtuliza.

Mama mtu akaitwa. Anauza mboga za kienyeji sokoni. Alifika na bodaboda, vidole bado vina kijani cha mrenda. Mwalimu mkuu akamsomea makosa ya mwanawe kama anayesoma mashtaka. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akanigeukia mimi.

"Pole kwa mkono, mwalimu. Lakini kabla hajakung'ata, kulikuwa na nini?"

Nikajibu, "Hakukuwa na kitu, mama. Alianza tu."

Akainua macho akayatazama mabati. Mvua ilikuwa inamalizia matone yake ya mwisho. Hakuongeza neno. Alimshika mwanawe mkono wakaenda.

"Alianza tu." Fungua kitabu cha matukio cha shule yoyote utayakuta maneno hayo: alianza tu kupiga wenzake, alianza tu kurusha vitu. Ushauri wangu wote kwa walimu wenzangu unatoka hapo. Mtoto huyu haanzi tu. Sisi ndio tunaoanza kumtazama dawati likishaanguka.

Kwanza nikanunua daftari la kawaida, lile la mwanafunzi. Kila tukio nikaandika saa, hali ya hewa, kipindi gani, nani alikuwa karibu, nini kilitangulia na sisi tulifanya nini baadaye. Sikuandika "mkorofi" wala "mkaidi", niliandika kilichoonekana tu. Baada ya wiki tano nilikuwa na matukio kumi na moja. Sita yalikuwa ya mvua. Matatu yalitokea muda mfupi baada ya kengele. Kengele yetu ni rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mparachichi, na mparachichi uko hatua tano kutoka dirisha lake. Mwalimu wa zamu huipiga kwa chuma kwa nguvu zote kana kwamba anaita kijiji kizima kuzima moto. Moja lilikuwa siku ambayo githeri ilichelewa karibu saa nzima.

La kumi na moja lilinishinda. Hakukuwa na mvua, hakukuwa na kengele, alikuwa ameshiba. Ila nilikuwa nimeandika pembeni kwamba siku hizo anajipiga shavu la kulia. Mama akampeleka hospitali akamulikwa mdomo: gego limeoza hadi kwenye mzizi, ufizi umevimba usaha. Mtoto ambaye maneno yake hayafiki ishirini alikuwa na jino la kumtoa mtu mzima machozi, na shule ikawa inajadili nidhamu yake. Kwa hiyo mtoto asiyesema akibadilika ghafla, kabla hujaita mtu yeyote, fikiria jino, sikio, tumbo lililofunga, malaria.

Kuna wanaosema haya ni kumdekeza. Mwenzangu mmoja hunywa chai yake akisema zamani hatukuwa na usonji, tulikuwa na kiboko. Kiboko kimekatazwa nchini Kenya tangu 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, inamtaja mwalimu anayempiga au kumtesa mwanafunzi: faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Lakini hata sheria isingekuwapo, kiboko hakingefanya kazi hapa. Mtoto anayedeka hukutazama kama unamwona. Ukimpa anachotaka hunyamaza papo hapo. Huyu hakutazami. Akili imezidiwa na sauti, mwanga, harufu, kuguswa, na mwili umeshika usukani. Hakuna mwalimu anayemchapa mtoto wa kifafa ili aache kutetemeka. Si ugonjwa mmoja, najua, lakini fikra ni ileile: saa hiyo hayuko mahali pa kujifunza chochote.

Basi ikitokea, ufanye nini? Kwanza nyamaza. Hili lilinipa taabu, maana mimi ni mtu wa maneno. Mtu mzima mmoja tu ndiye anayezungumza, na maneno yake ni mawili au matatu: "Niko hapa." "Uko salama." Walimu wanne wakisimama wakiamrisha kila mmoja lake, hiyo ni mvua nyingine juu ya mabati.

Pili, usimtoe yeye, watoe wenzake. Kumburuta mtoto aliyelipuka kuvuka mlango ndiko kunakovunja meno na vidole. Tulifanya mazoezi na Gredi ya Nne kama wanavyofanya wengine mazoezi ya moto: nikiinua mkono na kusema "veranda", kiranja anatangulia, wanatoka kwa mstari, wa mwisho anachukua bikari na mikasi iliyoko mezani. Mara ya kwanza ilikuwa vurugu na vicheko. Mara ya nne walitoka kabla sijahesabu thelathini. Wewe unabaki ndani, upande wake, hatua mbili tatu kutoka kwake, usizibe mlango. Usimwambie "nitazame". Akigonga kichwa ukutani, weka sweta au mkoba katikati ya kichwa na ukuta.

Kumshika ni pale tu anapoelekea barabarani au anapomkaba mwenzake, na ni kwa sekunde unazohitaji, basi. Kumlaza kifudifudi na kumgandamiza mgongo, kamwe. Kifua kikibanwa mapafu hayafunguki, na mtoto anayepigania pumzi huonekana kama anazidi ukaidi, nawe unazidi kugandamiza. Mwaka 2018 huko California, Marekani, mvulana wa miaka 13 mwenye usonji alifariki baada ya kushikiliwa kifudifudi sakafuni shuleni kwake. Niliposoma habari hiyo nilikumbuka lile goti mgongoni na ile pongezi tuliyopeana. Na ukiwa kwenye habari hizi, wale wanaowafungia watoto kwenye stoo ya vitabu mpaka "apoe", hiyo ni jela. Sisi tuna kona ya stoo yenye gunia la manyoya ya kapoki, mlango uko wazi, anaingia na kutoka apendavyo.

Akitulia mpe maji. Wangu hulala. Usianze hotuba, usimlazimishe kusema "pole" huku kope bado zimelowa. Atatamka na halitakuwa neno. Kesho yake, akili imerudi, yeye na mwenzake wanaokota vitabu pamoja. Hiyo ndiyo pole yake, na wenzake wameielewa haraka kuliko walimu.

Sasa nizungumzie yule mwingine, aliyepasuka juu ya jicho, kwa sababu makala nyingi za usonji humsahau. Alishonwa nyuzi tatu. Baba yake alikuja na kofia mkononi, na hasira alizokuwa nazo zilikuwa haki yake. Tulikosea kumficha habari mpaka mtoto alipofika nyumbani na bandeji. Siku hizi mzazi wa aliyeumizwa anapigiwa simu na mimi mwenyewe, siku hiyohiyo, kabla kengele ya kwenda nyumbani haijalia. Namweleza kilichotokea na tutakachobadilisha. Sijifichi nyuma ya neno usonji. Mtoto aliyeumizwa anahamishwa dawati akitaka, na akiogopa haambiwi asiwe mwoga. Kipigo ni kipigo hata kama aliyepiga hakukusudia. Na tuseme pia, watoto wengi wenye usonji hawajawahi kumgusa mtu. Ninavyowaona uwanjani, wao ndio wanaochokozwa mara nyingi.

Jambo moja shule nyingi hulifanya kwa nia njema na linaharibu kila kitu: simu ya "njoo umchukue". Haiandikwi popote, haiitwi kusimamishwa, ila mtoto anajikuta nyumbani siku mbili kwa wiki. Mama anaacha mboga zinanyauka sokoni. Na mtoto anajifunza, sawasawa kabisa, kwamba kelele zikizidi dawa ni kupindua dawati, maana likipinduka anaondolewa penye kelele. Nilihesabu kwenye daftari: muhula ule tulimpa somo hilo mara saba.

Badala yake tukampa kizibo cha soda. Chekundu, nilikiokota kantini. Kwa wiki mbili nilikuwa nikiona viganja vinaelekea masikioni, namshika mkono polepole, tunakiweka kizibo pamoja mezani kwangu, halafu tunatoka nje mara moja, hata kama nilikuwa katikati ya ngeli. Lazima iwe mara moja. Ukisema "subiri nimalize" umekiua kizibo. Wiki ya tatu alikiweka peke yake. Niliachia chaki ikaanguka.

Kwa mvua, mama alinunua vile vifuniko vya masikio wanavyovaa mafundi wa kukata vyuma. Mwalimu mkuu alilalamika kwamba si sare ya shule. Nikamwomba akae darasani kwangu saa nane, mvua ikinyesha. Hakulalamika tena.

Kengele tulimkabidhi mwenyewe. Anayepiga anajua sauti inakuja lini, haimvamii. Siku ya kwanza aliipiga mara arobaini hivi bila kukoma, shule nzima ikatoka kwenda nyumbani saa nne asubuhi, na mwalimu wa zamu hakunisemesha hadi Ijumaa. Tukachora mistari mitatu kwenye shina la mparachichi: mapigo matatu, basi. Anaigusa mistari kwa kidole mmoja mmoja kabla ya kupiga.

Kwa shule isiyojua pa kuanzia, nendeni EARC ya kaunti ndogo yenu. Vituo hivi vipo tangu 1984, na kazi yao haiishii kutoa karatasi. Tulipoomba, ofisa alikuja akakaa nyuma ya darasa asubuhi nzima. Msaidizi wa mwalimu bado hatujapata. Wanafunzi 64 na mwalimu mmoja ni mzigo usiobebeka, na mzazi anayekuambia una haki ya kuchoka anasema kweli. Lakini kizibo sikukinunua, daftari lilikuwa la bei ndogo, na kuwatoa watoto kwa mstari hakuhitaji bajeti.

Kijana yuko Gredi ya Sita sasa. Daftari ni la tatu, nalo limelala hapa mezani ninapoandika. Ukurasa wa mwisho unasema: Jumanne. Mvua saa nane na dakika ishirini. Kizibo mezani. Nilikuwa nasahihisha insha, nikachelewa kukiona. Hakuna aliyeumia. Dawati moja limevunjika mguu, fundi anakuja kesho.