Tetemeko la Bukoba halikutokana na bwawa la Jinja

Hapana ndugu unayesema tetemeko la Bukoba la Septemba 10, 2016 lililetwa na bwawa la Jinja, lile la Uganda pale Nile inapotoka Ziwa Victoria: sivyo. Lilianzia kama kilomita 40 chini ya ardhi, wakati matetemeko ya mabwawa kwa kawaida huanzia karibu na uso. Hilo ni la Bonde la Ufa, nchi inavyotanuka taratibu. Nafundisha jiografia hapa Mwanza, na siku ile hata sisi tulitikiswa.

Ila wazo lenyewe, kwamba bwawa laweza kuleta tetemeko, si uzushi. Bwawa la Kariba, kwenye mto Zambezi, walianza kulijaza mwishoni mwa 1958, na 1963 lilipojaa ukaja mtikisiko uliozidi kipimo cha 6. Bwawa la Koyna kule India ni habari ya kuhuzunisha zaidi: Desemba 1967, kipimo 6.3, watu wapatao 180 walikufa. Na si uzito wa maji tu unaofanya hivyo. Maji husukumwa hadi kwenye nyufa za miamba, yakapunguza msuguano uliokuwa umeishikilia, mwamba ukateleza. Ufa lazima uwe tayari umebanwa. Bwawa huharakisha tu kilichokuwa njiani.

Ziwa letu la Victoria ni la asili, wastani wa kina chake ni kama mita 40, limekuwapo maelfu ya miaka kabla ya bwawa la Jinja la 1954. Hata yale maji yaliyopanda zaidi ya mita 2 miaka ya mwanzo ya 1960, chanzo kikubwa kilikuwa mvua.