Kinanda au kwaya? Barua kwa Neema

Mwanangu Neema,

Salamu kutoka nyumbani. Sote hatujambo, na baba yako anakusalimu sana. Ujumbe wako nimeusoma. Unasema mwenyekiti wa kwaya yenu amekutaka uchague: ama ukae kwenye kinanda, ama usimame mbele uongoze, kwa kuwa hakuna anayeweza yote mawili yakatoka vizuri. Unaniuliza kama ni kweli.

Mwenyekiti wako ana hoja, ila siyo hiyo aliyoitoa. Ngoja nikueleze habari za George Malcolm, Mwingereza aliyefanya yote mawili.

Alizaliwa London mwaka 1917. Mwalimu wake wa kwanza wa piano alikuwa mtawa, na mtawa huyo ndiye aliyeona kipaji chake akapendekeza apelekwe Royal College of Music, chuo cha muziki cha huko London, akiwa na miaka 7. (Masista hawa! Ukichimba historia ya wapiga vinanda wa parokia zetu, hukosi kumkuta sista mahali.) Baadaye akasoma Oxford, katika chuo cha Balliol. Vita vya Pili vya Dunia vilipokuja, akawa kiongozi wa bendi katika jeshi la anga. Kwa hiyo kabla hajakabidhiwa kwaya ya kanisa kuu alikuwa ameshaongoza askari wa matarumbeta. Hilo nalipenda, maana wapiga vinanda wengi ninaowajua wanaidharau bendi.

Mwaka 1947 akawa mkuu wa muziki pale Westminster Cathedral. Usichanganye na Westminster Abbey wanakotawazwa wafalme. Ile ni ya Waanglikana, hii ni ya kwetu Wakatoliki, jengo la matofali mekundu. Alikaa hapo hadi 1959.

Sasa sikiliza alichokifanya. Katika makanisa makuu ya Uingereza wavulana walizoezwa kuimba kwa sauti laini ya kichwani, safi, isiyo na makali. Waingereza waliiona kama sauti ya malaika. Malcolm hakuikubali. Kwake ilikuwa sauti ya kutengenezwa, na mtoto alikuwa ameambiwa aifiche ile yake. Mvulana anayemwita mwenzake upande wa pili wa uwanja ana sauti kamili, yenye kifua na ncha, na hiyo ndiyo aliyotaka aanze nayo, kisha aifundishe pumzi, matamshi na adabu. Zipo rekodi za kwaya yake wakiimba nyimbo za Juma Kuu za Tomás Luis de Victoria, padre Mhispania wa karne ya 16. Zitafute. Wale watoto hawaimbi kwa kunong'ona. Mwanzoni utadhani ni wakali mno, halafu utasikia kwamba kila neno la Kilatini linaeleweka.

Na huyo huyo ndiye aliyekuwa mmoja wa wapigaji maarufu wa hapsikodi Uingereza. Ile ni babu wa piano, lakini tabia yao tofauti kabisa. Ukibonyeza kibao chake, kijiti kinainuka ndani na ncha yake inaudonoa uzi, kama mpiga udi anavyofanya. Bonyeza kwa nguvu au taratibu, ukubwa wa sauti karibu haubadiliki. Mpigaji hubaki na muda tu: lini aguse nota, lini aiachie, wapi atulie kidogo ili sentensi ya muziki ipumue. Hapo ndipo ninapoona kazi zake mbili zinakutana. Anayejua kumaliza sentensi kwa vidole bila msaada wa nguvu, akisimama mbele ya waimbaji atajua wapi pa kuwapumzisha.

Alikuwa na utani pia. Aliandika kipande kiitwacho Bach before the Mast, amechukua wimbo wa kuchezea wa mabaharia akauvalisha mavazi ya Bach, yule mtunzi Mjerumani wa kale. Lakini pia ana moteti (wimbo wa kwaya wa ibada) ya Jumapili ya Matawi, Ingrediente Domino, ambayo haina mzaha hata kidogo.

Alipokuwa anaondoka Westminster, mtunzi Mwingereza Benjamin Britten, aliyeipenda sauti ya wale wavulana, akamwandikia yeye na watoto wake Missa Brevis, yaani Misa fupi. Haina Nasadiki, na yote haifiki robo saa. Utukufu wake unakwenda kwa mapigo saba, kwa hiyo ukizoea kuhesabu nne nne utaanguka njiani. Mtunzi hawaandikii watoto hivyo kama hajui kwamba wataweza.

Hapa ndipo penye jibu lako. Malcolm aliondoka akiwa na miaka 42, kwaya yake ikiwa juu kabisa. Akajikita kwenye hapsikodi na kuongoza okestra, na miaka mingi baadaye akarekodi muziki wa Mozart wa mikono minne, yaani watu wawili kwenye piano moja, na mpiga piano András Schiff, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, kwenye piano iliyokuwa ya Mozart mwenyewe. Kipaji cha kuongoza hakikumwisha. Kilichobaki nyuma ni yale mazoezi ya kila siku na watoto, ambayo hayamsubiri mtu aliye safarini kwenye tamasha. Kwa maoni yangu kazi yake kubwa kuliko zote ni ile ya wavulana, ingawa wengi wanamjua kwa hapsikodi.

Kwa hiyo, mwanangu, kinanda na uongozi havigombani. Kinachogombana ni ratiba. Mwambie mwenyekiti, kwa heshima, kwamba utapiga kinanda Misa ya kwanza na kuongoza ya pili. Ila ukiwa mbele lazima mtu akae kwenye kile kiti, na hapo ndipo mwenyekiti ana haki ya kukuuliza. Mtafute kijana mmoja mwenye masikio, uanze kumfundisha kabla ya Kwaresima. Ada ya vitabu vyake nitachangia.

Mama yako