Mkuu, hiyo darubini ya zumu usiinunue

Usilipe. Kama umeshatoa advansi, kaidai leo hii. Nazungumzia ile 10–30x50, yaani inayovuta kuanzia mara 10 hadi mara 30, uliyobandika picha yake ukauliza kama inafaa, pamoja na habari za viatu, mbu na miezi ya kuona flamingo.

Umesema unataka kuangalia ndege: uzunguke Ziwa Duluti, uingie msitu wa Rau pale Moshi, halafu siku moja Hifadhi ya Arusha. Karibu kote huko utakuwa chini ya miti iliyoshikana juu, kivuli tupu, na ndege wengi watakuwa karibu na wewe kuliko unavyodhani. Kuvuta mara 30 ni kwa kazi gani?

Mimi niliuziwa ya namna hiyo hiyo na mwenye duka mmoja mjini Arusha. Alinitoa nje, akanielekeza kilele cha Meru, jua la mchana linawaka: "Umeona inavyovuta?" Niliona, nani asingeona? Mlima haurukiruki, na mwanga ulikuwa wa kumwaga. Nilishamwambia naenda msituni kuangalia ndege. Akanisukumia ile ya bei kubwa huku darubini ya kawaida ya 8x42 imekaa kabatini nyuma yake, tena ya bei nafuu. Mtu anakuangalia usoni, anajua unachotafuta, anakupa kisichokufaa! Bado nina hasira naye.

Nikaenda nayo njia ya maporomoko ya Tululusia, ndani ya Hifadhi ya Arusha, tukiwa na askari wa hifadhi mwenye bunduki, maana kwa miguu huko huendi bila askari, nyati wapo. Askari akasimama, akanyoosha kidevu: ndege aitwaye turako wa Hartlaub. Kwa macho matupu nilimwona, kitu cha kijani kinakimbia juu ya tawi kama kuchakuro. Nikainua darubini. Giza. Majani. Tawi linatetemeka, kumbe ni mikono yangu. Nikasogeza kushoto, majani mengine. Nikiwa bado nazungusha kigurudumu, askari akasema, "Hayo mabawa umeyaona?" Sikuyaona. Turako huyo akitulia karibu mwili wote ni kijani na bluu, ule wekundu mkali umefichwa kwenye manyoya ya mabawa na unajitokeza vizuri akiruka. Rangi hiyo ina madini ya shaba ndani yake, ni ya turako peke yao. Ndiyo niliyokuwa nimeifuata, ikapita juu ya kichwa changu.

Sasa shika hili. Kwenye darubini, namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Gawanya ya pili kwa ya kwanza, unapata upana wa mwanga unaofika jichoni. 8x42 inakupa milimita 5.25. Hiyo yako ukiivuta mpaka 30 haifiki hata 2, wakati mboni ya jicho lako kwenye kivuli imefunguka zaidi ya hapo. Lazima uone giza. Tena kadiri unavyokuza ndivyo unavyokuza na mtetemo wa mkono, na eneo unaloliona linabaki dogo, ndege akisogea kidogo umempoteza. Jibu likiwa chini ya 4, msituni usiende nayo. 8x42 safi kabisa, 8x32 inavumilika na ni nyepesi shingoni.

Ukifika dukani usikubali kutolewa nje kuangalia mlima. Ingia kona yenye giza, jaribu kusoma maandishi ya boksi lililo mbali kidogo. Halafu lenga kitu cha hatua tatu nne kutoka ulipo, kwa sababu chozi, yule ndege mdogo wa kwenye maua, atakuja kwenye ua lililo karibu yako, na kuna darubini ambazo umbali huo hazishiki kabisa. Muuzaji akianza kuharakisha, toka.

Maziwa ya Momella, humo humo Hifadhi ya Arusha, ni habari nyingine. Pale ni peupe, flamingo wakiwa upande wa pili ukuzaji mkubwa unasaidia, lakini uwe na stendi ya miguu mitatu. Kwa mkono, hapana.

Viatu vaa vyovyote visivyoteleza. Kuhusu darubini nyingine utakayoichagua, piga picha ya namba zilizoandikwa kwenye mwili wake, uitume hapa kabla hujatoa hata shilingi. Nitakuangalizia.